Sura ya 6: Gari Likichemsha

Ukitoka Mikumi kuelekea Iringa, barabara inateremka kwenye bonde la mibuyu na joto linakupokea kabla hujafika chini. Pale Ruaha Mbuyuni, wauza vitunguu wanapokimbilia madirisha ya mabasi, uko mita 500 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Mji wa Iringa ulio mbele yako uko juu ya mita 1,500. Sehemu kubwa ya kimo hicho unaipanda kwa mkupuo mmoja, Mlima Kitonga, kona baada ya kona, jabali upande huu na korongo upande ule. Malori yanayopeleka mizigo Zambia na Kongo yanajikongoja kwa gia ya chini kabisa, na gari dogo lililo nyuma yao halina pa kupita. Hapo ndipo magari yanapochemsha. Utayakuta yameegeshwa pembeni, boneti juu, matawi ya miti yametandazwa kwenye lami nyuma yake kuwaonya wanaokuja, na watu wamesimama kivulini wakibishana kama maji yaongezwe sasa hivi au yasubiri.

Mabishano hayo ndiyo kiini cha sura hii, kwa sababu kinachoamuliwa katika nusu saa ile ndicho kinachoamua kama mwenye gari atanunua mpira mmoja wa rejeta au atashusha injini nzima. Injini nyingi zinazokufa kwa joto haziuawi na kile kilichoharibika kwanza. Mpira uliopasuka, mkanda uliokatika, feni iliyogoma: hizo ni hitilafu za bei nafuu. Kinachoua ni zile kilomita mbili au tatu ambazo dereva aliendelea kwenda baada ya mshale kufika kwenye nyekundu, kwa sababu aliona taa za mji mbele yake, au abiria walikuwa wanalalamika, au aliogopa kusimama porini usiku. Namwelewa kabisa. Lakini chuma hakijui sababu za mtu.

Petroli inapoungua ndani ya silinda, moto wake unapita nyuzijoto 2,000. Alumini, inayotengenezewa silinda hedi za magari mengi ya siku hizi, inayeyuka kwenye nyuzijoto 660. Injini inaishi kwa sababu moto ule unawaka na kutoweka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na kwa sababu maji yanazunguka nyuma ya kuta za silinda yakichukua joto kabla halijajikusanya. Kwa makadirio ya jumla, nguvu iliyomo kwenye mafuta inagawanyika katika mafungu matatu yanayokaribiana: moja linasukuma gari, la pili linatokea kwenye ekzosi, la tatu linaingia kwenye maji. Kwa hiyo gari dogo linalotumia kilowati 40 kupanda mlima linalazimika kutupa kupitia rejeta joto linalokaribia kiasi hichohicho, sawa na birika 20 za umeme zinazochemka kwa pamoja chini ya boneti. Kwenye tambarare mzigo huo hauonekani. Injini inafanya kazi kidogo, na upepo wa mwendo unapenya kwenye rejeta bila kuombwa. Mlimani injini inakamuliwa mpaka mwisho huku mwendo ukiwa mdogo, upepo haupo, na hewa inayofika kwenye rejeta imeshapashwa na bonde lenyewe na lori lililo mbele. Feni peke yake ndiyo inayobaki kuokoa hali. Rejeta iliyoziba nusu inaweza kutembea Dar es Salaam mwaka mzima bila mtu kujua. Kitonga itaiumbua kwa dakika kumi.

Tatizo hili lina umri wa gari lenyewe. Mwezi Agosti 1888, Bertha Benz, mke wa mvumbuzi Carl Benz, alichukua gari la mumewe bila kumwarifu, akawapakia wanawe Eugen na Richard, akasafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim huko Ujerumani, zaidi ya kilomita 100. Inahesabiwa kuwa safari ndefu ya kwanza ya gari duniani. Gari lile halikuwa na rejeta. Lilipozwa na maji yaliyoachwa yachemke na kupotelea hewani, basi njia nzima mama yule na wanawe walikuwa wakitafuta maji ya kuongeza, na kwenye miinuko walishuka kusukuma. Ilipofika 1901, Wilhelm Maybach alikuwa ameipatia Mercedes rejeta ya umbo la sega la nyuki, yenye vijibomba vidogo zaidi ya 8,000 vya kupitishia hewa, na feni nyuma yake. Rejeta ya gari lako bado inafuata wazo lile: maji moto upande mmoja, hewa upande mwingine, na bati jembamba katikati.

Kilichoongezeka baadaye na ambacho madereva wengi hawakitilii maanani ni mfuniko. Mfuniko wa rejeta una springi ndani yake, na juu umeandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1 kwenye magari ya Kijapani. Namba hiyo ni presha ambayo mfuniko unaizuia kabla ya kuruhusu maji yatokee kwenda kwenye tangi la akiba. Maji yaliyobanwa hayachemki haraka. Yakiwa chini ya mfuniko wa 1.1 ukanda wa pwani, yanaweza kufika karibu nyuzijoto 120 bila kuchemka. Yakiwa wazi, yanachemka kwenye 100. Sasa chukua gari hilo ulipeleke Mbeya au Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari. Kule hewa ni nyepesi, na maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi. Themostati, kijilango kinachoyaruhusu maji kwenda kwenye rejeta, mara nyingi inafunguka kwenye 82 au 88, na injini yenye afya inafanya kazi ikiwa imezidi hapo kidogo. Kwa maneno mengine, mfuniko ukilegea mpira wake, gari linaweza kuchemsha nyanda za juu likiwa kwenye joto lake la kawaida kabisa. Nimeona watu wakibadilishiwa rejeta, pampu ya maji na hata feni wakati ugonjwa ulikuwa kwenye mfuniko. Anzia hapo. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote, na ununue wenye namba ileile iliyoandikwa kwenye ule wa zamani.

Gari haliishii kuchemsha bila kusema. Kiyoyozi kinaanza kutoa hewa ya uvuguvugu mlimani, kwa sababu kompyuta ya gari inakizima ili kuipunguzia injini mzigo. Gari linakuwa zito, unakanyaga mafuta na haliitiki. Injini inagongagonga kwa sauti kama ya kokoto. Kuna harufu tamu inayoingia ndani, ambayo ni kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, inayovuja juu ya chuma cha moto. Mshale wa joto nao una tabia ambayo ni lazima uijue: katika magari mengi ya sasa umefanywa ukae katikati kwa makusudi hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa, ili dereva asihangaike. Hivyo ukiuona umeondoka katikati na kuanza kupanda, ujue mambo yameshaenda mbali. Magari madogo kadhaa ya Kijapani hayana hata huo mshale. Yana taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi na nyekundu inayowaka ikichemka, na katikati ya hizo mbili hayakwambii chochote.

Kuna ishara moja inayodanganya, nayo imeua injini nyingi. Mshale unapanda, unapanda, halafu ghafla unaanguka hadi kwenye baridi. Dereva anashusha pumzi, anadhani limepoa lenyewe. Ukweli ni kwamba sensa ya joto inapima maji, na maji yameisha. Imebaki inaning'inia kwenye mvuke na hewa, haina cha kupima. Hita inayogeuka kupuliza hewa ya baridi wakati injini imechemka inasema jambo hilohilo. Ukiona hivyo usiende hata mita mia. Zima.

Katika hali nyingine una dakika moja au mbili za kufanya kazi. Mara tu mshale unapoondoka mahali pake, zima kiyoyozi na ufungue hita mpaka mwisho, feni yake ikiwa kwenye nguvu ya juu. Utatokwa jasho, na abiria hawatakushukuru, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na kila joto linaloingia kwenye nyuso zenu limetoka kwenye injini. Toa mguu kwenye mafuta, washa taa za tahadhari, tafuta mahali penye nafasi. Kitonga kuna sehemu chache pana. Kusimama kwenye kona ambako lori linashuka breki zikiwa zimechoka ni hatari kuliko kuchemsha kwenyewe. Ukishaegesha, zuia magurudumu kwa mawe, weka pembetatu mbali nyuma ya gari, na kama pembetatu ni moja tu, matawi yaongezwe. Watoto washuke kwa upande wa pori, wasikae upande wa barabara.

Je, uzime injini au uiache iungurume? Hapa mafundi wenyewe wanagawanyika, na kila upande una kisa cha kusimulia. Mimi naona jibu linategemea maji. Kama mshale umepanda lakini haujafika kwenye nyekundu, hakuna mvuke unaotoka, na sababu ni dhahiri, kwa mfano umekaa nyuma ya lori kwa nusu saa, basi maji bado yamo na pampu bado inayazungusha. Iache iungurume gia ikiwa huru, hita ikiwa wazi, na uutazame mshale. Ukianza kushuka ndani ya dakika moja au mbili, vema. Usiposhuka, zima. Lakini kama taa nyekundu imewaka, mshale umefika mwisho, mvuke unafuka au maji yanamwagika chini, zima papo hapo bila mjadala. Injini isiyo na maji inayounguruma inazidi kujipika. Baada ya kuzima, rudisha swichi mahali pa kuwasha bila kuwasha injini. Katika magari mengi yenye feni ya umeme itaendelea kuzunguka na kusaidia.

Usishtuke ukiona mvuke unaongezeka baada ya kuzima. Pampu imesimama, lakini chuma kilichokuwa kimezunguka moto bado kinayapa maji joto lake kwa dakika kadhaa. Ndiyo maana magari mengi yanafoka yakiwa yameshaegeshwa, na ndiyo saa ambayo watu wanapata pupa. Wanaona moshi mweupe, wanadhani gari linaungua, wanakimbilia kufungua kila kitu. Mvuke si moto. Subiri upungue ndipo ufungue boneti, ukiwa umesimama pembeni wala si mbele, na uso ukiwa umeugeuza.

Mfuniko wa rejeta usiuguse.

Niseme kwa nini, maana onyo hili limerudiwa mpaka limezoeleka na watu wanaendelea kuungua. Maji yaliyomo yana nyuzijoto 115, pengine zaidi, na kinachoyazuia yasichemke ni ile presha tu. Ukiachia presha, nyuzi 15 za ziada zinayachemsha mara moja, maji yote kwa pamoja, si juu juu. Katika lita moja ya maji, gramu 28 hivi tu ndizo zinazogeuka kuwa mvuke. Zinaonekana kidogo, lakini gramu hizo zinahitaji nafasi ya lita karibu 47. Rejeta haina nafasi hiyo. Mvuke unatafuta tundu pekee lililopo, ulilolifungua wewe, na unatoka ukisukuma mbele yake maji yote yaliyobaki, yakiwa yanachemka. Yanafika kifuani na usoni kabla mkono haujarudi nyuma.

Na mara nyingi anayeungua si mwenye gari. Ni utingo, kijana wa miaka ishirini aliyeambiwa na dereva "hebu fungua hapo haraka, tunachelewa," naye hana ubavu wa kukataa. Anafunga mkono kwa kitambaa anazungusha. Napenda kila dereva na kila tajiri wa basi asome sentensi hii mara mbili: hakuna ratiba inayolingana na macho ya mtoto wa mwenzio. Ngoja mpaka uweze kuushika mpira mnene wa juu wa rejeta kwa kiganja na kukaa nao bila kuuachia, na ukiubinya uwe laini. Hiyo ni nusu saa kwa uchache, mara nyingi ni zaidi, na juani inafika saa nzima. Hapo ndipo ufunike mfuniko kwa kitambaa kizito kilichokunjwa, uuzungushe hadi kituo cha kwanza tu, usikilize hewa itoke yote, ndipo uubonyeze na kuumalizia.

Ikitokea mtu ameshaungua, lile dumu la maji lililobebwa kwa ajili ya rejeta ni lake kwanza. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida, polepole, kwa dakika 20 kama yanatosha, na kama hayatoshi simamisha gari linalopita uombe. Mvue nguo zilizolowa, pete na saa kabla mkono haujavimba, isipokuwa nguo iliyonata kwenye ngozi, hiyo iache. Hapana dawa ya meno, hapana yai, hapana mafuta ya kupikia wala asali, kwa sababu vinafungia joto ndani au vinaleta uchafu kwenye jeraha, na daktari atalazimika kuvikwangua. Funika kwa kitambaa safi, mpelekeni hospitali. Uso na macho havina mjadala: gari la kwanza linalopita ndilo lake.

Wakati unasubiri injini ipoe, kuna kazi ya macho. Tangi la akiba lina maji au limekauka? Alama za kulanti iliyokauka, kijani, nyekundu au nyeupe kama chumvi, zinaonyesha pa kuvujia. Pita kwenye mipira yote, hasa kwenye vibanio vyake na chini yake ambako jicho halifiki haraka. Tazama mkanda kama upo; katika magari mengi mkanda uleule unazungusha pampu ya maji na jenereta, kwa hiyo ukikatika taa ya betri inawaka pamoja na joto kupanda. Hilo likitokea hakuna safari tena, hata ukijaza maji ya mto mzima, kwa sababu hakuna cha kuyasukuma. Tazama feni: washa swichi na kiyoyozi kwa muda mfupi, uone kama inazunguka. Isipozunguka, huenda ni fyuzi tu, na boksi la fyuzi lina mchoro kwenye mfuniko wake. Tazama pia mbele ya rejeta. Nyasi, wadudu, mfuko wa plastiki ulionasa, vyote vinatosha kuziba upepo.

Kuongeza maji nako kuna adabu yake. Usimwagie injini maji kwa nje ukidhani unaipoza, na usijaze maji baridi kwa mkupuo ndani ya injini ya moto. Chuma cha moto kinachokutana na baridi ghafla kinasinyaa upande mmoja kabla ya mwingine, na bloki inaweza kupasuka. Ufa wa bloki hauna fundi wa kando ya barabara. Injini ikishapoa vya kutosha, iwashe iungurume, kisha mimina kwa mkondo mwembamba, ukitoa nafasi ya hewa kutoka. Maji yoyote yasiyo na chumvi yanafaa kwa dharura. Ya mto yachuje kwa kanga au shati. Hesabu lita zilizoingia. Fundi mzuri atakuuliza jambo hilo kabla ya mengine, na jibu la lita moja linampeleka mahali tofauti kabisa na jibu la lita tano.

Mpira uliopasuka karibu na ncha unaweza kukatwa na kufungwa upya. Ukipasuka katikati, ufute ukauke kisha uuzungushie ukanda wa mpira wa tyubu, uvute ukaze kila mzunguko, nao utakufikisha kijijini ukienda kwa upole. Ukiondoka, ondoka hita ikiwa wazi, kiyoyozi kimezimwa, jicho kwenye mshale kila sekunde chache, na ukubali kwamba unakwenda kwenye mji wa karibu wala huendi ulikokuwa ukienda. Kama maji yanatoka chini kwa kasi ileile unayoyamimina, hapo hakuna ujanja. Tafuta gari la kuvuta. Gharama yake inauma, ila ni ndogo ukiilinganisha na hedi iliyopinda.

Sasa uko kwa fundi, na hapa ndipo nina ugomvi wa wazi na desturi yetu. Gari likichemsha, mafundi wengi wa mitaani wanaanza kwa kung'oa themostati na kuitupa. "Huku kwetu ni joto, haina kazi." Wanaamini wanayafungulia maji njia. Themostati ni kijilango chenye nta ndani yake. Nta ikipata joto inatanuka na kusukuma lango lifunguke. Ukiing'oa, injini haifiki joto lake kwenye safari fupi, inakunywa mafuta mengi, na oili inakusanya uchafu. Kuna baya zaidi. Katika injini nyingi, zikiwemo za Toyota tunazoziendesha wengi, themostati ikifunguka upande wa rejeta huwa inafunga njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, sehemu ya maji ya moto haionji rejeta kabisa, na siku ya mlima gari linachemsha haraka kuliko mwanzo. Themostati inayokwama ikiwa imefungwa ni kweli inachemsha gari. Dawa yake ni mpya ya namba ileile. Waweza kuijaribu dukani au nyumbani: itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka, uione ikifunguka.

Kuna na desturi ile ya kuunganisha feni moja kwa moja izunguke muda wote swichi ikiwashwa. Kama ni kukufikisha nyumbani, sawa. Kama ni matengenezo, hapana, kwa sababu sensa au swichi iliyoharibika imefichwa badala ya kutibiwa, na mota ya feni inayofanya kazi mchana kutwa itaungua siku usiyoitarajia.

Na kuna ile ya kujaza maji ya bomba mwaka baada ya mwaka. Kulanti haikuletwa kwa ajili ya nchi za barafu peke yake. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini inapandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kadhaa, inazuia kutu kwenye chuma na kulika kwa alumini, na inalainisha sili ya pampu. Maji ya kisima ya pwani yenye chumvi yanafanya kinyume cha hayo yote, na ugaga wake ndio ule fundi rejeta anaoukwangua anapozibua. Kulanti nyingi ni sumu yenye ladha tamu. Mtoto au mbwa akiinywa inaharibu figo, basi usiiache kwenye chupa ya soda wala kuimwaga uani.

Kama uliendesha gari likiwa limechemka, usiridhike na kujaziwa maji. Omba gasketi ya hedi ichunguzwe. Fungua mfuniko wa oili: ute wa rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia kwenye oili, ingawa ukungu mdogo kwenye mfuniko tu waweza kutokana na safari fupi fupi, kwa hiyo tazama na kijiti cha oili pia. Moshi mweupe wenye harufu tamu usiokoma injini ikishapata joto, mapovu yanayopanda kwenye rejeta muda wote, mipira inayokuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini ya baridi, maji yanayopungua bila tone kuonekana chini: hizo zote zinaelekeza kwenye gasketi inayoiacha gesi ya moto ipenye kwenye maji, au maji yapenye kwenye silinda.

Hedi ikifunguliwa, kaa hapohapo. Fundi anayejua kazi ataweka rula ya chuma iliyonyooka juu yake na kupitisha kijibati cha kupimia chini ya rula, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Kwa injini ya 1NZ, iliyomo kwenye magari mengi madogo ya Toyota, mpindo unaoruhusiwa upande wa bloki ni milimita 0.05, wembamba ambao jicho haliwezi kuuona. Ndiyo sababu "nimeiangalia, iko sawa" si jibu. Akibadilisha gasketi bila kupima, au akaipeleka hedi ikachongwe bila kupimwa ufa, utarudi kwake baada ya miezi michache na bili nyingine. Boliti za hedi nazo zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa mpangilio wa mtengenezaji. Katika injini nyingi za sasa boliti zinavutika zinapokazwa, na zikishapita urefu uliowekwa hubadilishwa.

Kazi ikiisha, hewa iliyonasa ndani ndiyo inayorudisha magari mengi kwa fundi siku ya pili. Gari liegeshwe pua ikiwa juu kidogo, mfuniko ukiwa wazi tangu injini ikiwa baridi, hita ikiwa imefunguliwa, na iungurume mpaka feni iwake na kuzima angalau mara mbili huku maji yakiongezwa kila yanaposhuka. Kisha mfuniko ufungwe, gari lizungushwe mtaani, lilale. Asubuhi, kabla ya kuliwasha, fungua rejeta tena na ujaze kilichopungua, kisha fanya hivyo kwa asubuhi nyingine chache zinazofuata, mpaka maji yakutwe palepale ulipoyaacha.